Tone Lililoelea

Siku mliyoniaga, mshereheshaji alisimama na kusema kwamba mimi, Masunga, ndiye niliyeleta mashine ya kwanza ya kupima damu Bariadi. Mkapiga makofi. Mkanipa kiti cha kukunja na shuka zito la kujifunika, nikapigwa picha nikicheka. Sikukanusha. Mashine ile ililetwa na wafadhili ndani ya sanduku la mbao, na mimi nilishika upande mmoja tu wa sanduku wakati wa kulishusha garini.

Baada ya chakula mkanionyesha kwenye simu maabara moja ya nje ya nchi, mkono wa chuma unachukua vichupa vya damu, unavipanga, unavipima, hakuna mtu anayegusa kitu. Mkaniuliza naionaje. Nikasema ni maendeleo makubwa, nikaomba soda. Kuna jambo nilipaswa kuwaambia palepale nikashindwa, kwa sababu watu walikuwa wamenisifu nusu saa nzima na mimi bado napenda kusifiwa. Sasa niko nyumbani, sina zamu wala bosi, na kisingizio kimeniishia. Nawaandikia ninyi vijana wa maabara. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitetea.

Nilianza kazi enzi zile sabuni inapatikana duka la ushirika kwa foleni, na Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki. Mkuu wake alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kinyamwezi kutoka Tabora, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyejifunza kazi kwa kushika na si kwa vyeti. Siku ya kwanza niliingia na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeshawahi kuona damu?"

"Nimesoma chuo miaka mitatu, Bi Zuhura."

"Sijauliza chuo. Nimeuliza kama umeshawahi kuona damu."

Akadondosha tone moja kwenye kioo, akaniambia nikishike dirishani na nikiinamishe. Kisha tone la mgonjwa mwingine, kwenye kioo kingine. La kwanza lilijivuta polepole, zito. La pili lilikimbia kama chai ya rangi. Akasema huyu wa pili aongezewe damu leo hii, nenda kamwambie daktari, halafu urudi tupime ili tupate namba ya kuandika. Nilidhani ananitania. Tulipopima, namba ikathibitisha alichosema.

Vifaa vyetu mngevicheka. Darubini ilikuwa na kioo cha kunasia mwanga wa jua, kwa hiyo tuliisogeza na meza yake kufuata jua, asubuhi dirishani, mchana mlangoni, na siku ya mawingu tulikaa tukiongea. Sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa. Na kulikuwa na chupa ya maji ya mrututu, mrututu huuhuu wa buluu mnaoujua madukani. Bi Zuhura aliuchanganya mwenyewe kwa mzani, kwa kipimo ambacho hakukubali mtu mwingine akiguse. Unadondosha tone la damu ndani ya yale maji. Likizama, damu inatosha. Likielea, damu ni pungufu, na hakuna mjadala. Tulitumia kwa watu waliokuja kujitolea damu, lakini yeye aliutumia kwa kila alichokitilia shaka, na alitilia shaka karibu kila kitu, pamoja na mimi.

Halafu zikaja zile siku za ruksa. Mnazisoma kwenye vitabu, sisi tuliziona kwa macho. Maduka yakajaa mitumba na redio za kaseti, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kupita vijijini na malori yao wakati sisi tulizoea mnunuzi mmoja tu. Mfanyabiashara mmoja akajenga kiwanda cha kuchambua pamba nyuma kidogo tu ya hospitali yetu. Mtu mwema kwa kweli. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, yeye alikuwa na jenereta kubwa, akatuvutia waya mpaka maabara kwa ujirani mwema. Tulimshukuru kwa barua yenye mhuri.

Waya ulipofika, na mashine ikafika. Nilipelekwa Mwanza juma moja kujifunza kuiendesha. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo: unaweka damu kidogo, unabonyeza, inavuta yenyewe, inachanganya na dawa yenyewe, inapitisha mwanga, inalia mlio mmoja, inatoa kikaratasi chenye namba. Watu walikipenda kile kikaratasi jamani. Walikikunja na kukiweka kwenye pochi pamoja na picha ya kipaimara. Mimi wakaniita Bwana Mashine. Nikaitika. Daktari wetu, kijana aliyetoka chuoni, alipouliza matokeo fulani kwa mashaka nilimjibu kwamba mashine haina njaa wala usingizi, na jibu lile lilinipendeza kiasi kwamba nililirudia kila wiki.

Mwaka huohuo zikaja barua za kupunguza wafanyakazi. Mganga mkuu wa hospitali aliniita ofisini akaniuliza, kwa mashine hii, naweza kuiendesha maabara peke yangu? Nilijua anauliza nini. Nilijua pia kwamba barua ya Bi Zuhura iko mezani inasubiri jibu langu. Nikasema naweza. Hakunilazimisha mtu.

Bi Zuhura alikusanya vitu vyake, mkeka wa kuswalia na kikombe, akaniachia chupa ya mrututu. Akauliza, "Hii mashine yako naona unaipima kila asubuhi na damu ya kujaribia. Mchana anaipima nani?"

"Hii inajirekebisha yenyewe, Bi Zuhura."

"Ina bahati. Mimi miaka yote nimesahihishwa na watu." Akafunga kanga vizuri. "Kila mchana tone moja kwenye mrututu, Masunga. Moja tu. Halikupunguzii kitu."

Nikasema sawa. Nilifanya siku tatu, nne hivi. Halafu nikaona ni kama kumwendesha mtu mzima kwa kumshika mkono, nikaacha.

Msimu wa pamba ulipoiva, kiwanda kikaanza kazi. Asubuhi walipokea na kupanga mizigo, mchana ndipo mitambo ya kuchambua na kufunga marobota iliwaka yote. Alasiri moja, manesi wawili walikuja maabara kupiga soga, nikajidunga kidole niwaonyeshe mashine inavyofanya kazi. Asubuhi nilikuwa nimeshajipima: kumi na tatu, namba ya mtu mwenye afya. Alasiri ile ikatoa kumi na nane. Manesi wakasema Bwana Mashine umekula nini, tukacheka. Walipotoka sikucheka tena. Nilitazama kijitaa cha ndani ya mashine nikaona kimefifia, na kila robota lilipogandamizwa kule kiwandani kilizidi kufifia.

Hapo nikaelewa yote, na nawaeleza ninyi muelewe. Mashine ile ilipitisha mwanga ndani ya damu. Mwanga mwingi ukipita, damu ni nyepesi. Ukipita kidogo, damu ni nzito. Asubuhi ilijiwekea kiwango chake umeme ukiwa mzima. Mchana umeme ukishuka, taa inafifia, mashine inaona mwanga kidogo na kuamini damu ndiyo iliyouzuia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye damu kidogo anaonekana mzima. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasema kweli juu ya taa yake.

Nilipaswa kwenda ofisini dakika ileile. Sikwenda. Wafadhili walikuwa wanakuja wiki hiyo kuona mashine yao inavyofanya kazi, na nani atasimama mbele yao kusema inadanganya kila mchana? Tena nikisema mashine ina kasoro, mtu atauliza Bi Zuhura aliondolewa kwa nini. Nikabandika tangazo mlangoni: vipimo vya damu ni asubuhi tu. Nilijiona nimetumia akili.

Wafadhili walikuja mchana. Walichelewa njiani, na wakaingia maabara yangu pamoja na mganga mkuu na wapigapicha wawili wakati mitambo ya kiwanda inanguruma. Wakataka kuona mashine ikipima. Kwenye benchi nje alikuwa amekaa Minza, mama kijana wa Nkololo, amempakata mtoto wake Kabula, wa miaka kama mitatu, ana homa. Pembeni yake mama yake mzazi, Bibi Ngolo. Walikuwa wameletwa kwa baiskeli mbili na hawakujua kusoma tangazo. Daktari alikuwa ameandika kipimo cha damu, haraka.

Nilimdunga mtoto kidole mwenyewe. Damu ikatoka. Vijana, niliiona. Ilikimbia. Ilikuwa ile ya kioo cha pili. Kidole chenyewe kilikuwa cheupe, na Bibi Ngolo, ambaye hakujua Kiswahili, aliniambia kwa Kisukuma, taratibu, kwa sababu aliona mimi ni mtoto wa hukuhuku: "Huyu hana damu. Mwangalie ulimi."

Nikamjibu kwa Kisukuma, nikimwita mama: "Mayu, ngoja mashine iseme."

Mashine ikalia. Kumi nukta mbili. Wageni wakatabasamu, mmoja akaomba kushika kikaratasi. Nilitia saini. Nilijiambia wakitoka tu nitarudia kwa mrututu. Lakini walipotoka waliniambia twende wote tukale, na mganga mkuu akanishika bega. Nikaenda. Kulikuwa na pilau.

Nilirudi maabara yapata saa kumi. Damu kidogo ya Kabula ilikuwa imebaki kwenye kichupa. Nilichukua chupa ya Bi Zuhura iliyokuwa nyuma ya kabati, ina vumbi, nikadondosha tone moja. Likashuka kidogo kama linalofikiria, likapanda, likakaa juu. Nikadondosha la pili. Likakaa juu.

Nikatoka kwenda wodini. Nesi akasema daktari amewaruhusu, ameona damu inatosha, amewapa dawa za malaria wakaendelee nyumbani; wameondoka si muda mrefu. Daktari mwenyewe alikuwa ameuliza, "Mbona viganja vyeupe hivi?" halafu akasoma kikaratasi na kusema basi, Masunga amepima.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta. Jua lilikuwa bado juu, na mtu aliyebeba mgonjwa kwa baiskeli haendi kasi. Ningewafikia kabla hawajafika mbali. Nilishika usukani. Halafu nikafikiri nitamwambia nini daktari, nitamwambia nini mganga mkuu ambaye bado yuko na wageni, na nikajisemea kesho asubuhi nitamtuma mtu Nkololo awarudishe, nitasema tunataka kurudia kipimo, haitakuwa na kelele. Nikarudi ndani. Nikamwaga yale maji ya mrututu, nikaiosha chupa.

Sikumtuma mtu, kwa sababu asubuhi walikuja wenyewe. Kabula alikuwa anapumua kwa kuhema. Nilimpima umeme ukiwa mzima, mashine ikasema tatu. Tukaanza kutafuta mtu wa kumtolea damu. Mama yake alikuwa ameshanyoosha mkono, namfunga mpira, mtoto akakata roho benchini mikononi mwa bibi yake. Hata sindano sikuwa nimeichoma.

Daktari alikuwa ameshika vikaratasi viwili, cha jana na cha leo. Hakuwa mtu mbaya. Akamuuliza Minza: jana damu ilikuwa kumi, leo tatu, usiku mmemfanya nini huyu mtoto? Bibi Ngolo akaeleza, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Alisema walipofika nyumbani mtoto alizidi, akampeleka kwa nfumu, mganga wa kienyeji wa jirani, akanyweshwa dawa ya mizizi. Nilitafsiri neno kwa neno. Sehemu ile nilikuwa mwaminifu sana.

Daktari akanigeukia. "Masunga, wewe ndiye mtaalamu. Dawa za kienyeji zinaweza kuharibu damu namna hii kwa usiku mmoja?"

Nikasema, "Inawezekana."

Ndilo hilo. Nimeandika kurasa zote hizi ili nifike kwenye neno hilo, na hata sasa mkono haupendi kuliandika. Daktari akawageukia wale wanawake akawagombeza, ninyi watu wa vijijini mtaacha lini, mtoto alikuwa anapona. Minza alielewa Kiswahili. Alimtazama mama yake. Bibi Ngolo hakuelewa, akanitazama mimi nitafsiri. Sikutafsiri. Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Yaliyofuata mnayajua kwa sura nyingine. Juma lile niliomba kifaa cha kutuliza umeme, nikasema ni tahadhari tu ya kitaalamu. Kikaja, na mashine ikafanya kazi vizuri miaka mingi, ikaokoa watu wengi, sikatai. Nikaweka utaratibu wa kuhakiki kila mchana kwa njia ya pili. Ninyi mnauita Kanuni ya Masunga, umebandikwa ukutani na jina langu. Ni wa Bi Zuhura. Niliusikia kutoka kwake siku aliyoondoka, na alifariki Tabora bila mimi kumwandikia hata mstari mmoja. Jina langu litoeni pale.

Mwezi mmoja baada ya kuniaga nilikwenda Nkololo. Nilidhani nitapata shida kumpata Minza, lakini huko watu wanafahamiana. Nilimkuta anaanika mahindi uani, mama mtu mzima sasa, ana wajukuu. Alinitambua kabla sijataja jina. Akaniletea kiti, akapiga magoti kunisalimia, na nilitamani asingepiga. Nikamwambia yote, taa, kiwanda, tone, baiskeli, neno. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa kwa kilio, na ndani kabisa, niseme ukweli, nilijiandaa kusamehewa.

Kuku wakaanza kula mahindi na hakuwafukuza. Halafu akasema, "Mama aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba mtoto alitoka hospitali ameshakwisha. Kwamba ulimi wake ulikuwa mweupe hukohuko kwenu, na alikuambia wewe. Kila siku aliniambia. Nikamwambia wewe ni mchawi, umeniulia mwanangu, mtaalamu amesema mwenyewe nikisikia. Nikamfukuza." Aliongea kwa sauti ya kawaida tu. "Akaenda kukaa Migato kwa mdogo wangu. Alikuwa anatuma watu wanisalimie. Alipokufa sikwenda kuzika."

Nilimfikiria Kabula kila mwaka msimu wa pamba ulipoanza. Juu ya yule bibi sikuwahi kufikiri hata siku moja.

Nikaanza kusema mama, nisamehe. Akaninyooshea mkono ninyamaze. "Mimi usiniambie. Kesho kutwa twende Migato. Utamwambia yeye, kwa Kisukuma, siku ile hukumtafsiria."

Tukaenda. Mdogo wake aliita majirani na ndugu, watu kama kumi na watano, wakasimama kando ya kaburi lililoko nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe. Nilivua kofia. Nikasema kwa Kisukuma jina langu, kazi yangu, na kwamba Ngolo aliniambia mtoto hana damu na alikuwa sahihi, nami nilijua ni sahihi, na dawa yake haikumuua mtu. Aliyekosa ni mimi, nikanyamaza akaitwa mchawi mpaka kufa kwake. Mara mbili nilikosea maneno nikaanza upya. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki yao.

Nilipomaliza Minza aliniambia nisogee. Nikasogea. Akaweka chini mfuko wake, akapiga magoti pale kwenye mawe kama binti anavyomwamkia mzazi wake asubuhi, akasema, "Mwangaluka, mayu." Akangoja, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Aliendelea kungoja mpaka mdogo wake alipokwenda kumwinua.